Kujenga modeli ya protini kutoka ramani ya krayo-EM ukiwa na laptop yako hapa Mtwara: mwongozo kamili

Wadau habari za saa hizi. Huku kusini kuna vijana wengi, Mtwara mjini, Masasi, Lindi, hadi Nachingwea, wamesoma bayolojia au kemia wakamaliza na kichwani wamebaki na wazo kwamba mambo ya maumbo ya protini ni ya maabara kubwa za Ulaya na Marekani tu. Krayo-EM ni kupiga picha protini iliyogandishwa kwa maikroskopu ya elektroni, na maikroskopu yenyewe kweli hatuna, ile ni mashine ya mabilioni ya shilingi, ila kujenga modeli, yaani kupanga kila atomu ya protini iko wapi, hakufanyiki kwenye maikroskopu, kunafanyika kwenye kompyuta, na ramani zinazotoka kwenye hizo mashine zimewekwa wazi, mtu yeyote anashusha bila kulipa hata senti. Ukiwa Shangani au Mikindani na laptop yako na bando la usiku unafanya kazi ileile anayofanya mtu aliyeko Cambridge. Nimeamua niandike hatua zote kwa Kiswahili chetu, na kuna kitu kimoja ntakirudia mpaka kikae kichwani: ramani ndo ushahidi, modeli ni maelezo yako wewe kuhusu huo ushahidi, pale ramani isiposema kitu usiweke atomu.

Kabla ya kugusa programu yoyote uelewe ramani ni nini

Protini ikiwa ndani ya maji inagandishwa ghafla kwenye ethani ya kimiminika, haraka mno kiasi kwamba maji hayapati muda wa kutengeneza fuwele za barafu, yanakuwa kama yalivyo ila yamesimama. Afu inapigwa na elektroni, kidogo kidogo maana elektroni zinaunguza protini, kwahiyo picha moja moja zinatoka chafu, karibu huoni kitu. Ndo maana zinakusanywa picha za chembe maelfu kwa maelfu, kompyuta inazipanga kila moja inatazama upande gani, inazijumlisha, mwisho unapata kisanduku cha 3D kilichogawanywa vijisanduku vidogo na kila kijisanduku kina namba. Namba ikiwa kubwa hapo pana kitu. Basi, ramani ni hiyo tu. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Nobel ya kemia 2017 kwa kuifikisha mbinu hii hapo.

Neno utakalokutana nalo kila saa ni rezolusheni, inapimwa kwa angstromu, na angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Namba ikiwa ndogo ndo ramani nzuri. Kumbuka protini ni mnyororo wa asidi amino, kila moja ina kipande cha uti kinachoungana na wenzake na tawi linalochomoza pembeni, uti ukijizungusha kama springi ndo heliksi ya alfa, ukinyooka ukalala ubavuni mwa mwenzake ndo uzi wa beta. Ramani ya angstromu 8 unaona heliksi za alfa kama mirija tu, nyuzi za beta zimeshikana maana uzi na uzi mwenzake wako umbali wa kama angstromu 4.8, hapo usijidanganye kujenga atomu, unaweka maumbo yaliyokwishajulikana basi. Ikishuka chini ya 4.5 nyuzi zinaachana. Kwenye 3.5 hivi matawi makubwa ya asidi amino yanaanza kuonekana, triptofani na tirosini na fenilalanini unazitambua. Kwenye 3 kwenda chini unaanza kuona oksijeni za uti zikichomoza, kwenye 2.5 kwenda chini hadi molekuli za maji zinaonekana. Mwaka 2020 timu mbili tofauti zilifikisha protini ya apoferitini kwenye 1.2 hivi, hapo unaona atomu moja moja imejitenga na mwenzake. Sasa, hiyo namba ni ya ramani nzima, ndani ya ramani moja katikati panaweza kuwa 2.8 na pembeni 5, kwahiyo usisome namba ya kwenye makala ukaamini kila kona iko hivyo.

Vifaa

Laptop yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia, 16 unapumua vizuri. Linux inaleta shida chache kuliko Windows. Nunua mausi yenye gurudumu, hili nasisitiza, ile pedi ya kugusa ya laptop itakutesa maana kwenye Coot gurudumu ndo linapandisha na kushusha kontua (kiwango cha namba ambacho ramani inachorwa kuanzia hapo kwenda juu) na utalizungusha kutwa nzima. Programu za lazima ni tatu: ChimeraX ya kuangalia na kuweka modeli kwenye ramani, Coot ya kujenga kwa mkono, na Phenix ya kunyoosha (kompyuta kusogeza atomu kidogo kidogo zikae vizuri kwenye ramani) na kukagua. Zote ni bure kwa wanaosoma na kufundisha, Phenix unajisajili kwanza. Ya nne ni ISOLDE, inaingia ndani ya ChimeraX yenyewe. Phenix ni faili kubwa, iwekee bando la usiku uiache ikishuka, na tumia kishushaji kinachoweza kuendelea pale kilipoishia kwasababu mtandao ukikata katikati utaanza upya na bando limekwisha. Umeme nao ukizima ghafla, Coot haikuulizi kitu, kwahiyo jizoeshe kusevu kila baada ya sehemu ndogo, na kila faili ipe namba mpya, usiandike juu ya ile ya zamani.

Ramani ya kuanzia

Ramani zinakaa EMDB, modeli zinakaa PDB, zote ni hifadhi za wazi mtandaoni. Za kuanzia nashauri EMD-2984, hii ni beta-galaktosidasi, kimeng'enya cha kukata sukari, ya bakteria E. koli, angstromu 2.2, ilitoka 2015, na modeli yake ni 5A1A. Uzuri wake ni kwamba iko wazi sana, ukikosea unaona umekosea. Usianze na ramani ya 4.5 eti kwasababu protini yake inakuvutia, utajifunza kubahatisha na kubahatisha kukishakaa mkononi kukutoa ni kazi. Na usishushe picha mbichi, zile zinaweza kufika terabaiti nzima, wewe unataka ramani iliyokamilika ambayo ni megabaiti kadhaa hadi mamia.

ChimeraX ikifunguka andika chini pale

open 2984 from emdb

na itashuka yenyewe. Ukurasa wa EMDB unakupa kontua waliyopendekeza wenye ramani, anzia hapo afu panda na kushuka uone kinachotokea. Ukishusha sana unaona takataka zinaelea kila mahali, ukipandisha sana mnyororo unakatika. Kuna kiwango kati ya hapo ambapo heliksi zinaonekana vizuri na takataka zimepotea, kikumbuke, ila usikae nacho hichohicho siku zote maana sehemu dhaifu inahitaji kontua ya chini kidogo.

Kagua ramani kabla hujaiamini

Hapa ndo watu wanaruka na ndo panapoleta machozi baadae. Kitu cha kwanza ni mkono. Ramani ya krayo-EM inaweza kutoka imegeuzwa kama kwenye kioo na namba zote za ubora zikabaki safi kabisa, hakuna kitakachokuambia. Angalia heliksi ya alfa, lazima izunguke mkono wa kulia: ukiwa unaitazama kwa mbele kutoka ncha yoyote, inavyokwenda mbali na wewe inazunguka kufuata mshale wa saa. Ikizunguka kinyume geuza kwa volume flip #1 na uendelee na ile iliyogeuzwa. Ukiwa na ramani mbaya kuliko 4.5 hivi huwezi kuona huo mzunguko kwa macho, hapo unalinganisha kwa kuweka modeli inayojulikana pande zote mbili uone upande upi unakaa.

Cha pili ni ukubwa wa kijisanduku. Maikroskopu ikiwa haijapimwa sawasawa ramani nzima inakuwa imevimba au imesinyaa kwa asilimia moja au mbili, unaona kidogo, lakini kwenye protini ndefu huku mwanzoni inakaa na huku mwisho imepishana kabisa na densiti, yaani zile sehemu za ramani zenye namba kubwa. Ukiwa na modeli ya fuwele ya protini hiyohiyo iweke, badilisha ukubwa kwa volume #1 voxelSize na namba zinazopishana kidogo kidogo, uone ipi inakaa vizuri zaidi.

Cha tatu ni kunoa. Ramani ikitoka kwenye mahesabu inakuwa laini mno, inanolewa ili matawi yatokeze. Ikinolewa kupita kiasi takataka nazo zinatokeza na zinafanana na matawi ukiwa na hamu ya kuyaona. Mimi naweka zote mbili wazi, iliyonolewa na isiyonolewa, tawi lisiloonekana hata kidogo kwenye isiyonolewa siliamini haraka. Kuna programu za akili bandia zinazosafisha ramani zikawa nzuri za kupendeza, zitumie kwa macho tu, kufuatilia mnyororo unapita wapi, usizitumie kunyooshea modeli.

Na ukiweza kupata nusu ramani mbili zishushe. Data inagawanywa mara mbili, kila nusu inajengewa ramani yake peke yake, na rezolusheni inayotajwa ni pale hizo mbili zinapoacha kukubaliana, kipimo cha kukubaliana kinawekwa 0.143. Utazihitaji mwishoni.

Modeli ya kuanzia

Zamani ulikuwa unaanza patupu. Siku hizi kuna AlphaFold, akili bandia inayokisia umbo la protini kutoka mfuatano wake, yaani mpangilio wa asidi amino zake, na hifadhi yake ina modeli zaidi ya milioni 200 za kukisia, karibu protini yoyote unayoitaja ipo. Kwa zoezi letu

alphafold fetch P00722

inaleta mnyororo mmoja wa beta-galaktosidasi, P00722 ni namba yake kwenye UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini. Kama protini yako haipo, ColabFold inakukokotolea kwenye kompyuta za watu kupitia kivinjari, unabandika mfuatano unasubiri.

AlphaFold inakupa na namba ya kujiamini kwa kila asidi amino, 0 mpaka 100. Juu ya 90 iko vizuri sana, 70 mpaka 90 unaweza kuitegemea kwa uti, chini ya 70 anza kutilia shaka, chini ya 50 ni ule mkia uliozubaa tu hewani. Hivyo vipande vya chini ya 70 vikate kabla ya kuweka kwenye ramani, utavijenga mwenyewe baadae kama ramani itavionyesha. Na sikiliza hapa, hiyo namba ya kujiamini imehifadhiwa kwenye safu ya faili ambayo kawaida inabeba kipimo cha mtikisiko wa atomu. Kwenye kujiamini namba kubwa ni nzuri, kwenye mtikisiko namba kubwa ni mbaya, kwahiyo ukiipeleka hivyohivyo kwenye kunyoosha programu inasoma kinyumenyume. Phenix ina phenix.process_predicted_model, inakata vipande dhaifu na inabadilisha hizo namba kwa pamoja. Pitisha humo kwanza, kila mara, usibishane.

Kuiweka kwenye ramani

Sogeza modeli kwa mausi mpaka ikae karibu na mahali pake, afu fitmap #2 inMap #1, hapo #1 ni ramani na #2 ni modeli. Ukiwa hujui mahali pake ongeza search 100, itajaribu sehemu mia na kukuletea bora. Beta-galaktosidasi ina minyororo minne inayofanana iliyopangwa kwa ulinganifu, kwahiyo weka mmoja, ujenge huo mmoja kwa uangalifu, minyororo mingine mitatu unainakili mwishoni kwa phenix.map_symmetry na phenix.apply_ncs. Kujenga yote minne kwa mkono ni kupoteza usiku.

Ikishakaa usifurahie peke yake ile namba ya modeli inavyolingana na ramani. Zungusha uangalie: je kila mrija wa ramani una heliksi ndani yake, na je kuna densiti kubwa iliyobaki bila kitu? Mara nyingi protini ina sehemu mbili tatu zilizounganishwa na bawaba, AlphaFold kila sehemu imeipata ila pembe kati yao imekosea. Hapo unakata modeli vipande, kila kipande unakiweka peke yake, afu unaunga. Au unafungua ISOLDE, unavuta sehemu kwa mausi huku fizikia inaendelea kufanya kazi na ramani inaivutia mahali pake, ni kazi tamu sana hii ila laptop bila kadi ya grafiksi itakwenda polepole.

Sasa Coot, hapa ndo kazi yenyewe

Fungua modeli, fungua ramani, iambie kwamba ni ya krayo-EM, ongeza eneo la ramani linaloonyeshwa maana la kawaida ni dogo. Afu anza asidi amino ya kwanza mpaka ya mwisho, moja moja. Ndio moja moja. Protini ya asidi amino 400 ni jioni kadhaa, hakuna njia ya mkato inayofaa hapa, hata AlphaFold ikiwa nzuri vipi.

Kwa kila moja jiulize uti uko ndani ya densiti? Kaboni alfa, atomu ya uti inayobeba tawi, na ya jirani yake ni angstromu 3.8, hiyo karibu haibadiliki, na kwenye heliksi mzunguko mmoja una asidi amino 3.6 na unapanda angstromu 5.4. Ukiwa na hizi namba kichwani unapima kwa macho. Jingine, tawi linajaza densiti yake? Kama limeelekea pembeni na densiti iko huku, tumia kuchagua rotama, Coot inakupangia misimamo inayokubalika unachagua inayokaa. Na je oksijeni ya uti inaelekea kwenye kivimbe chake? Kama kivimbe kiko upande wa pili pindua huo muungano, kuna kitufe chake. Ukimaliza asidi amino tano sita chagua hicho kipande unyooshe papo hapo, uone inavyotulia.

Tuangalie mahali pamoja kwa karibu. Kwenye beta-galaktosidasi nenda kwenye kile kishimo inapokatwa sukari. Pana triptofani, makala za zamani zinaiita 999, na glutameti mbili, 461 na 537. Sasa ukiwa na modeli ya AlphaFold ukaenda namba 999 hukuti triptofani. Usishtuke, mfuatano wa UniProt unahesabu methionini ya mwanzo na makala za zamani haziihesabu, kwahiyo kila kitu kimesogea kwa moja, triptofani ni 1000 na glutameti ni 462 na 538. Ukifika kwenye triptofani panda kontua taratibu: kwanza unaona bonge bapa, ukipanda linakuwa bamba la pete mbili zilizoungana, na kwenye ramani hii nzuri unaanza kuona pete yenyewe imetoboka katikati. Hakuna asidi amino nyingine inayoonekana hivyo, ndo maana triptofani ni rafiki yako mkubwa kwenye kazi hii. Afu hamia kwenye zile glutameti ulinganishe. Kokote kwenye ramani za krayo-EM utakuta glutameti na aspateti zinaonekana dhaifu kuliko zinavyostahili, tawi linaishia hewani, kwasababu chaji hasi inapunguza densiti yake na pia ndo zinazoungua mapema na elektroni. Kwahiyo glutameti isiyoonekana mwisho wake haimaanishi umekosea mfuatano, lakini triptofani isiyoonekana kwenye ramani ya 3 inamaanisha kuna jambo, simama hapo.

Hapo tunafika kwenye kosa baya kuliko yote, kuteleza kwa mfuatano. Uti uko sawa kabisa, heliksi imekaa, ila asidi amino zimesogea moja mbele, kila tawi liko kwenye nyumba ya jirani. Namba za ukaguzi hazilalamiki sana. Unalikamata kwa kutafuta alama: tirosini kubwa mahali penye densiti ndogo, glisini imekaa mahali penye densiti ya tawi kubwa, zikifuatana mbili tatu hivyo basi umeteleza. Mara nyingi kuteleza kunaanzia kwenye kitanzi dhaifu kati ya heliksi mbili, kwahiyo rudi kwenye kitanzi ndo ukakute asidi amino imezidi au imepungua. Programu ya checkMySequence inasaidia kugundua hili, ipitishe hata kama unajiamini.

Ukiwa unajenga heliksi bila modeli ya kuanzia unahitaji kujua kichwa na mkia wake. Simamisha heliksi wima utazame matawi: yanaelekea upande wa mwanzo wa mnyororo, kama makuti makavu ya mnazi yalivyolala kuelekea shina. Yakilala chini, mwanzo wa mnyororo uko chini. Kwenye ramani ya 3.5 unaliona hili bila shida na linakuokoa usijenge heliksi nzima kichwa chini.

Kama hata mfuatano hujui au AlphaFold imeshindwa kabisa, kuna ModelAngelo, ya maabara ya Sjors Scheres huko Cambridge. Unaipa ramani, na mfuatano kama unao, inajenga yenyewe, na kwenye ramani bora kuliko 4 inafanya vizuri sana. Inataka kadi ya grafiksi ya maana, kwahiyo hapa tafuta mtu wa chuo mwenye mashine umtumie ramani. Ikirudi bado unapita moja moja kwenye Coot.

Kitanzi ambacho hakionekani hata kwenye kontua ya chini, kiache. Acha pengo. Modeli yenye pengo ni modeli ya kweli, na mtu wa kutengeneza dawa akija kuitumia atajua hapo hapajulikani. Ukijaza kwa kukisia umemdanganya, na yeye hana namna ya kujua.

Kunyoosha

Hii ni fupi. phenix.real_space_refine modeli.pdb ramani.mrc resolution=2.2, iache ifanye kazi, kwenye laptop inaweza kula masaa. Ikimaliza rudi Coot, angalia palipoharibika, rekebisha, peleka tena. Mizunguko mitatu minne kawaida inatosha, ukiona namba hazisogei acha. Ukiwa na ramani mbaya usilegeze masharti ya urefu wa miungano ili modeli ikae kwenye ramani, protini haibadilishi kemia yake kwasababu ramani yako ni hafifu.

Ukaguzi

MolProbity iko ndani ya Phenix. Mchoro wa Ramachandran, unaoonyesha pembe za uti, unataka asilimia 98 ziwe kwenye eneo zuri na za nje kabisa zisizidi 0.2. Rotama mbaya zisizidi 0.3. Kugongana kwa atomu kunahesabiwa kwa kila atomu 1,000. Namba hizi zikiwa nzuri sana angalia tena, maana programu unaweza kuiambia ilazimishe Ramachandran, na ukiilazimisha hiyo namba haikukagui tena, umeandika mtihani na majibu. Hapo tumia vipimo vingine vya uti, Rama-Z, na kwa ramani hafifu CaBLAM. Angalia pia miungano ya cis, ile ya uti iliyopinduka ikawa kinyume na kawaida: kwa prolini inatokea kama 5 kwa 100, kwa asidi amino nyingine ni nadra mno, ukikuta tatu nne kwenye kitanzi kimoja umekosea kitanzi.

Hizo zote zinakagua kemia tu. Kukagua modeli na ramani kuna ulinganifu wa jumla, juu ya 0.7 inaridhisha na juu ya 0.8 ni nzuri, kuna Q-score inayokuambia atomu moja moja, na kuna mstari wa modeli dhidi ya ramani unaosomwa pale unapogusa 0.5, unatakiwa ukaribiane na rezolusheni ya ramani. Zile nusu ramani sasa zitoe: nyoosha modeli kwa nusu ya kwanza tu, linganisha na nusu ya pili. Zikitofautiana sana umeifundisha modeli takataka za nusu ya kwanza.

Zoezi la pili, na hili linatuhusu

Wazee wa huku wanaikumbuka klorokwini na ile miwasho yake. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria 2001 kwasababu vimelea vilishaizoea, ikaja SP, baadae ALu. Protini iliyoifukuza klorokwini inaitwa PfCRT, ina asidi amino 424, iko kwenye utando wa kifuko ambacho kimelea kinamengenyea damu, na ikibadilika inatoa dawa nje. Ni ndogo mno kwa krayo-EM, kilodaltoni 49 hivi, kwahiyo waliing'ang'anizia kipande cha kingamwili ili ionekane. Ramani yake ilitoka 2019, angstromu 3.2, modeli ni 6UKJ, na ukurasa wake unakupeleka kwenye ramani.

Shusha ramani, ila 6UKJ usiifungue kwanza. Chukua AlphaFold ya kimelea aina ya 3D7, ile ambayo klorokwini bado inaiua, uiweke. Kipande cha kingamwili utakiona kimebaki bila modeli, usihangaike nacho, na pembeni mwa heliksi kuna densiti ndefu ndefu za mafuta ya utando, usizigeuze dawa. Afu nenda namba 72 mpaka 76. Kwenye 3D7 ni sisteini, valini, methionini, asparajini, laisini. Protini iliyo kwenye ramani ni ya aina ya 7G8, inayostahimili dawa, na humo 72 ni serini na 76 ni threonini. Utaona laisini yako ya 76 na mkono wake mrefu unavyotafuta densiti isiyokuwepo. Badilisha iwe threonini, nyoosha, angalia tena. Katikati ya PfCRT kuna kishimo kilichozungukwa na chaji hasi nyingi, na klorokwini ina chaji chanya, laisini nayo ni chanya ilikuwa inaisukuma isiingie. Ikiondoka, mlango uko wazi. Kuliona hilo kwenye skrini yako mwenyewe na kujenga kwa mkono wako ni tofauti kabisa na kulisoma.

Ukimaliza ndo ufungue 6UKJ, uweke juu ya yako, uangalie asidi amino moja moja palipotofautiana. Kila tofauti rudi kwenye ramani uamue nani yuko sahihi, usidhani wao tu kwasababu wamechapisha.

Ukishaziweza hizo mbili hamia kwenye virusi vya mihogo. Michirizi ya kahawia inavyokula mihogo ya ukanda wetu kila mkulima anaijua, na watu wa kituo cha utafiti wa kilimo TARI Naliendele wameihangaikia miaka mingi. Kirusi chake ni cha familia moja na kirusi Y cha viazi, ambacho ramani yake ya 3.4 ilitoka 2019. Chukua mfuatano wa protini ya koti ya kirusi cha michirizi, kokotoa na ColabFold, weka kwenye hiyo ramani ya viazi uone ni sehemu gani za uti zinakaa na zipi zinagoma. Hii siyo modeli ya kupeleka PDB maana ramani si ya protini hiyo, iandike wazi kwenye jina la faili, ila inakuonyesha wapi koti linashikana na RNA. Siku ukija kupata ramani yako mwenyewe ya kweli, unaipeleka EMDB na PDB kwa pamoja kupitia OneDep, ukiweka ramani isiyonolewa, iliyonolewa, nusu zote mbili na barakoa uliyotumia (umbo linaloficha sehemu tupu kuzunguka protini), na vitanzi ulivyoacha wazi uviache wazi hivyohivyo.